Bushi Arobaini za Nakeno

Nakeno hakuwa na imani na kipimo kilichoandikwa. Imani yake ilikuwa kwenye kidole. Lori likiingia karakana yake pale Lodwar, kando ya barabara iendayo Kakuma, alitambaa uvunguni mwake, akachomeka kidole gumba ndani ya jicho la springi, lile tundu linalopitisha boliti, akakizungusha polepole huku amefumba macho. Kisha alitoka, akachukua kisu, akachonga bushi, kipande cha mpira cha kuzibia nafasi kati ya boliti na chuma, kutoka kwenye tairi kuukuu hadi ikakaa katika tundu lile, na si katika tundu jingine lolote duniani. Barabara ile ilikuwa na meno. Kila lori ililitafuna kwa namna yake: jicho la kushoto limepanuka, la kulia limekuwa kama yai. Kumpa dereva bushi iliyopimwa kwa lori la mwenzake, kwa Nakeno, ilikuwa sawa na kumvika mtu viatu vya marehemu.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Asekon, na tangu Asekon afariki, miaka sita nyuma, aliifanya peke yake. Peke yake kwa upande wa mpira, maana kila bushi ilihitaji pete ya chuma ndani yake, na pete zilitoka kambini Kakuma, kwa Jok. Huyu Jok alikuwa mkimbizi kutoka Bor, fundi mkereza vyuma aliyewahi kufanya kazi katika karakana kubwa mjini Juba kabla vita havijamtimua. Kambini alijiundia mashine ya kukereza kwa mota ya pampu ya maji iliyotupwa, na kwa mashine hiyo alikereza mabomba chakavu yakawa pete laini kama za harusi. Alimwita Nakeno mama, naye Nakeno alimwita kijana wangu, ingawa Jok alikuwa amekwisha kuota mvi mbili tatu kidevuni.

Basi mkono ndio ulioharibu mambo. Mwaka mzima vidole vya mkono wa kulia vya Nakeno vilikuwa vikivimba kwenye maungio. Asubuhi havikukunjika kabisa mpaka avitie ndani ya maji ya moto. Muuguzi alimwambia aache kisu, naye akamcheka muuguzi, akaenda zake. Lakini zamani alichonga bushi nne kwa siku, na sasa akimaliza moja kabla ya jua kuzama alishukuru. Hakumwambia mtu. Madereva walijua hivyo hivyo. Waliposubiri sana walianza kununua bushi za Nairobi dukani, zikakatika kabla ya Lokichoggio, wakarudi kwa Nakeno wakiona aibu.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1996, Kullow alileta mgeni. Kullow alikuwa na malori sita ya kubeba mahindi kwenda kambini, na hakuna mtu aliyempa Nakeno kazi nyingi kumzidi. Alikuwa na ulimi wa utani.

"Ejok, mama," alimsalimu kwa Kiturkana. "Leo nakuletea mchumba kutoka Ulaya. Usimwoneshe kisu, atakimbia."

Mgeni alikuwa mhandisi mrefu wa kampuni moja ya huko kwao inayotengeneza vipuri vya magari. Alikaa juu ya rimu ya tairi bila kusita, jambo lililompendeza Nakeno, akaeleza, na Kullow akatafsiri. Kampuni yake ilikuwa inatafuta wabia Afrika Mashariki. Wao wangeleta mashine ya kukandamiza mpira, malighafi na mwalimu wa miezi mitatu. Kullow angetia mtaji wake. Nakeno angesimamia kazi, kwa kuwa hakuna aliyeijua barabara hii kama yeye. Bushi zingeuzwa toka Kitale hadi Juba, siku Juba itakapofikika.

Nakeno aliuliza swali moja tu: mashine hiyo inaendeshwa vipi?

Mgeni alisimama akaonyesha. Unamwaga mpira hapa, unafunga mfuniko, halafu unakanyaga.

"Kwa mguu?"

"Kwa mguu," Kullow akasema.

Mengine yote Nakeno hakuyasikia vizuri. Usiku na mchana baada ya hapo alijiona amesimama, mikono yake imekaa tu kiunoni, mguu unakanyaga, bushi inatoka. Alikuwa na miguu mizima. Miguu yake ilikuwa imemfikisha Kerio na kurudi, ikifuata mbuzi, tangu akiwa msichana.

Sharti lilikuwa moja. Atengeneze bushi arobaini za mfano, zipelekwe Ulaya, zipimwe. Mgeni aliacha karatasi yenye mchoro na namba, akaondoka.

Nakeno alipanda lori la Kullow mpaka Kakuma, karatasi imekunjwa kifuani. Jok aliifungua juu ya meza ya mashine yake, akaisoma kwa muda mrefu, na uso wake ukanyooka kama wa mtu aliyesikia lugha ya kwao.

"Hii ni kazi safi, mama. Zote arobaini kitu kimoja. Tundu, unene, urefu, sawasawa mpaka nywele."

Nakeno aliuliza ni lori gani lenye jicho la namna hiyo. Jok akasema ni lori jipya, lori la kiwandani. Nakeno akasema yeye hajawahi kuliona. Katika barabara hii lori huwa jipya siku moja. Bushi ya karatasi ile ingecheza ndani ya springi kama punje ya mahindi ndani ya mkebe, na mwezi haungekwisha kabla haijakatika. Je, awatumie watu wa mbali uchafu, halafu waseme hivi ndivyo mjane wa Asekon anavyofanya kazi?

"Mama, hawajauliza juu ya barabara. Wanauliza juu ya karatasi."

"Yule bwana alikuja mwenyewe akapigwa na mashimo. Ni fundi. Fundi akishika kazi, anaiona."

Kwa watu wa Jok na kwa Waturkana hilo ni moja: mama akishasema mara mbili, mtoto hasemi ya tatu. Jok akakunja karatasi, akaanza kukereza pete kama Nakeno alivyotaka.

Ilimchukua wiki saba. Nakeno alipima malori yote ya Kullow na ya wengine yaliyopita Lodwar, kila jicho kwa kidole chake, akachonga kwa mkono uliokuwa ukimlilia. Siku nyingine alifunga kisu kwenye kiganja kwa ukanda wa mpira, kwa sababu vidole havikushika. Kila bushi aliifungia kipande cha katoni na kumwomba dereva aandike juu yake: ya lori la Kullow la kijani, nyuma kushoto, ya lori la Mohamedamin, mbele kulia. Arobaini zilipotimia alizipanga juu ya gunia akazitazama. Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na alijua hatafanya tena. Kullow alizipakia ndani ya sanduku, zikaenda Nairobi, zikapanda ndege.

Jibu lilikuja mwezi wa nane. Kullow aliingia karakana bila kutania, na kwa hilo tu Nakeno akajua.

"Mama, hii barua si mzuri," alisema, akabaki amesimama.

Alimsomea kipande kipande. Kampuni ilishukuru. Mpira ulikuwa umechongwa kwa ustadi wa ajabu. Lakini katika arobaini, hazikupatikana mbili zilizolingana, na hakuna hata moja iliyolingana na mchoro. Kampuni haiwezi kuweka fedha mahali ambapo vipimo havifuatwi. Wamekwisha kupata mbia katika mji mwingine. Wanamtakia kila la heri.

Nakeno aliuliza kama walizifunga kwenye lori.

"Walizipima kwa mashine, mama."

"Hakuna aliyezifunga kwenye lori?"

"Hakuna."

Kullow alikunja barua. Kisha alisema kwamba yeye naye ataanza kuchukua bushi za kiwandani, za huyo mbia mpya, kwa sababu malori hayawezi kumsubiri. Alisema akitazama barabara. Nakeno alimwambia amefanya vyema. Hakumwonea uchungu, mtu mwenye malori sita ana midomo mingi nyuma yake.

Siku tatu baadaye alikwenda Kakuma, maana habari mbaya ya mtu humpasa kuipeleka mwenyewe. Alimkuta Jok ameketi mlangoni pa kibanda chake cha matofali ya udongo. Alimweleza yote, bila kujitetea. Jok alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ningefuata karatasi," Nakeno alisema, "ningewatumia uongo arobaini."

"Ndiyo, mama. Lakini uongo unaofanana."

Jok aliinuka, akaingia ndani, akakaa huko kwa muda. Alitoka akivuta kwa kamba katoni la mafuta ya kula, la mgao, akaliweka miguuni pa Nakeno na kulifungua. Ndani mlikuwa na bushi. Alikuwa amekereza kalibu ya chuma kwa kufuata mchoro, akakata mpira ndani yake, usiku baada ya usiku katika zile wiki saba. Arobaini. Nakeno alitoa moja, akatoa nyingine, akaziweka pamoja juu ya ardhi. Zilikuwa kama vifaranga wa yai moja.

"Kwa nini hukumpa Kullow?"

"Aliniuliza. Siku alipoleta mahindi, sanduku lako likiwa bado ndani ya lori, alisema, Jok, kuna nyingine? Nikamwambia hakuna." Jok alipangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Ningempa hizi, zako zingebaki. Wangeuliza kwa nini. Watu wangesema mtoto wa kambini amemsahihisha mama yake."

Jirani mmoja, Nyamal, alipita na ndoo kichwani, akasalimu, hakuna aliyemwitikia.

"Tunaweza kuzipeleka sasa?" Nakeno aliuliza.

"Barua imesema wamepata mtu."

"Ndiyo. Imesema."

Alizirudisha bushi katonini moja moja, kwa mkono wa kushoto. Jok alitaka kumsaidia, Nakeno akamzuia. Alipomaliza alilisukuma katoni kuelekea mlango, akamwambia Jok aende akalale kidogo, anaonekana amechoka. Jok hakwenda. Walikaa hivyo hivyo, katoni katikati yao, hadi honi ya lori la kurudi Lodwar ilipolia barabarani, na Nakeno hakuinuka.