Meno ya Mzee Salem

Haya ni kweli tupu, wallahi, na asiyeamini aende Timbwani akaulize. Ila asimuulize Mzee Salem mwenyewe, kwani kwake yeye ukweli hutiwa chumvi kabla haujafika jikoni.

Mzee alikuwa na meno ya bandia tangu ujana wake, na hapana aliyejua, hata marehemu mkewe. Harusini alivunja mifupa ya mbuzi hadharani, kisha akahadithia alivyomng'ata papa, papa akakimbia. "Ukoo wetu meno ni chuma," akasema.

Basi mjukuu wake Jalila, wa miaka kumi na minne, meno ya mbele yakaanza kucheza. Mamake, Mahfoudha, akampeleka kwa daktari wa meno, na Mzee akafuatana nao.

Daktari Kenga aliitazama picha ya eksirei, akakuna kidevu. "Mfupa unaoshika meno umelika. Na ukoga hana, mswaki apiga vizuri. Binti, wavuta sigara?"

"La."

"Wala hutafuni majani ya muguka?"

"La, daktari."

Mahfoudha akamgeukia. "Jalila, huendi shule mpaka nijue ni nani akupaye hiyo muguka."

"Mama, sijaionja."

"Kisukari tumepima, hana," akasema daktari. "Huenda ni la ukoo. Kuna mtu kwenu aliyepoteza meno angali kijana?"

Mahfoudha akacheka. "Kwetu? Mtazame baba."

Mzee akatabasamu, yote thelathini na mawili, meupe kuliko nazi.

"Nauliza kwa sababu likiwa la ukoo, tiba yake ni nyingine," akasema daktari, "na nikichelewa yatamtoka."

Jalila alikuwa akilia bila sauti. "Babu, waambie mimi sili muguka."

Mzee akakohoa. Akawakumbuka wale wa harusini, akamkumbuka na papa. Kisha akatia vidole viwili kinywani, akayatoa meno, ya juu na ya chini, akayaweka mezani mbele ya daktari.

"Kumi na thaba," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na thaba yalipokwisha. Na ndugu yangu vivyo hivyo."

Mahfoudha akayatazama yale meno mezani. "Na yule papa, baba?"

"Alikuwa wa kukaanga."

Daktari akataka watoto wote wa ukoo waletwe wapimwe. "Baba atawaita mwenyewe," akasema Mahfoudha, "na kila nyumba aanze kwa kufunua kinywa."

Alasiri hiyo Mzee alibisha mlango wa kwanza, Mishomoroni, meno yamo ndani ya leso.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Waite wathoto wothe," akasema Mzee Salem, akakaa kizingitini, akafunua kinywa.