Pigo Moja Tulilokubaliana

Pigo la kwanza lilimpata Otilia chini ya jicho la kushoto, na hilo ndilo tulilokuwa tumekubaliana. Apigwe mara moja, mimi nirekodi, kisha nipige kelele wenzetu waje. Nilikuwa nimechutama juu ya kitoroli cha wachumaji, usawa wa rafu ya nne ya kuoteshea uyoga, simu nimeishikilia juu ya trei. Kwenye kioo cha simu niliuona mgongo wa Stroud tu, uso wake haukuonekana. Nikajiambia ngoja kwanza ageuke.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amempiga Otilia kwa kreti ya plastiki, mara mbili ubavuni, kwa kosa la kukata uyoga ambao haujafika saizi. Stroud ndiye aliyekuwa mwenye shamba, ndiye msimamizi, na kwetu sisi wanawake kumi na mmoja tuliotoka Guatemala alikuwa zaidi ya hapo, maana jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye vibali vyetu vya kazi. Ontario yote ilikuwa imejaa mashamba na viwanda vinavyotafuta watu, lakini sisi tuliruhusiwa kumfanyia kazi yeye peke yake. Ukimkimbia huna kazi, wala huna ruhusa ya kutafuta nyingine. Alilijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana alipiga bila haraka, kama mtu anayepigilia msumari nyumbani kwake.

Siku ile ya kreti nilifanya kosa ambalo mtu wa kwetu Comalapa tu angelifanya. Mama yangu alikuwa mwunga mifupa, na bibi yangu vilevile, na kwetu mtu akiumia haendi popote kabla hajakandwa. Nilimlaza Otilia kitandani kwangu, nikachemsha majani machungu niliyokuja nayo kutoka nyumbani, nikayatia pombe kali, nikamkanda asubuhi na jioni. Nilijivuna kwa kazi ile. Baada ya siku chache ubavu wake ulikuwa safi, hauna hata alama.

Ijumaa basi la shamba lilitupeleka dukani, kama kila wiki. Rosaura alikuwepo, mama mmoja wa Chile anayesaidia wafanyakazi wahamiaji, amesimama penye mchele akijifanya anachagua, ili asitiliwe shaka. Alitueleza kwamba kuna kibali cha wazi. Anayenyanyaswa kazini anaweza kukiomba, na akikipata anafanya kazi kwa mwajiri yeyote. Otilia alimshika mkono, hakutaka kumwachia. Rosaura akamwomba amwonyeshe alipopigwa apige picha, na Otilia akainua blauzi palepale kwenye mifuko ya mchele. Hapakuwa na kitu cha kupiga picha.

"Nani aliyekutibu?" Rosaura akauliza.

Otilia alishusha blauzi. Aliniangalia bila hasira, na mimi ningependa angekasirika.

Rosaura alisema hata maelezo ya mdomo yanasikilizwa, ila picha ingesaidia zaidi. Kisha akaongeza jambo ambalo nadhani nililitia moyoni mimi tu: ushahidi ukiwa mzito, hata sisi wengine tunaweza kuomba, kwa sababu tuko hatarini kama yeye.

Kwenye basi Otilia alikaa karibu yangu, akanong'ona kwa lugha yetu ya Kikaqchikel ili dereva asielewe. Kurudi nyumbani hakuwezi, watoto wake wawili wanakula kwa mikono yake. Kubaki nako hakuwezi.

"Huyu ataniua, dada Fermina. Mtanikuta kule chumba cha sita cha kuoteshea, nimeshaota uyoga." Alicheka, akashika ubavu. "Sasa kama ni kupigwa, bora nipigwe kwa faida."

"Acha upuuzi."

"Wewe ndiye uliyenifutia ushahidi. Utanisaidia kupata mwingine. Pigo moja tu, dada. Likishanipata, piga kelele."

Jumatatu, saa nne asubuhi, alimwaga trei nzima miguuni mwa Stroud. Alipoulizwa ana wazimu gani, alimjibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwa upole kabisa: "Mimi nimezoea kunusa samadi, bosi. Mkeo yeye anakuvumiliaje?"

Stroud alimpiga, halafu akampiga tena, na baada ya pigo la pili akageuka. Uso wake ukajaa kwenye kioo, mwekundu, hadi jasho likaonekana. Hapo ndipo nilipopaswa kupiga kelele. Mdomo nilikuwa nao. Lakini niliwaza kwamba hii ni michubuko tu, na michubuko naijua, inaondoka, mfupa ndio usiobishaniwa na mtu. Niliwaza yale maneno ya ushahidi mzito. Nilijiwaza mimi mwenyewe, sitaficha.

La tatu lilikuwa la ukingo wa trei, nalo lilivunja taya. Binti wa mwunga mifupa hahitaji kuambiwa, anasikia. Otilia alianguka chali, akaanza kunitafuta kule juu kwenye rafu kwa lile jicho moja lililokuwa bado linaona. Alipoinua mkono kujikinga, Stroud aliupiga teke, vidole viwili vikavunjika, kisha akampiga mateke ya tumbo mpaka akatema damu juu ya uyoga mweupe uliomwagika. Ndipo nilipopiga kelele. Nilizipiga kwa nguvu mno, hata wenzangu waliokuja mbio walidhani anayepigwa ni mimi.

Polisi walimchukua Stroud akiwa bado amevaa glavu zake. Vibali vyetu vilitoka mwezi wa tatu, changu kikatangulia cha Otilia kwa siku nne. Mwajiri yeyote, ndivyo kilivyosema. Siku hizi nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na msimamizi akinipandishia sauti navua aproni na kuondoka. Nimeshaivua mara mbili mahali tofauti, na raha yake siwezi kuieleza.

Lakini kabla ya vibali kulikuwa na siku moja hospitalini. Rosaura alinipeleka ili Otilia aitazame video na athibitishe kwamba ni yeye, kabla haijatumwa pamoja na maombi. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, hawezi kusema. Alishika simu yangu kwa mkono wa kushoto akatazama dakika moja na sekunde nne, zote. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Ilipokwisha aliirudisha nyuma mpaka pale Stroud alipogeuka, akatazama tena kuanzia hapo hadi kelele zangu, taratibu.

Kisha akaomba penseli kwa ishara. Mkono wa kulia ulikuwa na bandeji, akaandika kwa ule wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda: *Mkono wako haukutetemeka hata kidogo, dada.*

Rosaura alisoma kikaratasi, akasema ni kweli, video imetulia, itatusaidia sana. Otilia hakumwangalia Rosaura. Alikuwa akiniangalia mimi, akingoja, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia asante.