Bila Nta

Jumapili hiyo nilipanda treni ya kwenda Ludlow, kumtembelea Baba. Mkobani nilikuwa na ukurasa wa majaribio wa kamusi yetu, na Jumatatu asubuhi ulitakiwa urudi kwa mpiga chapa ukiwa na saini yangu. Neno la tatu kwenye ukurasa huo lilikuwa la baba yangu.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, "sincere", sifa tunayompa mtu mkweli wa moyo. Baba, Mwalimu Pennifold, alifundisha Kilatini miaka thelathini na mitano, na kila mwaka aliwasimulia wavulana wake kisa kile kile: wachongaji matapeli wa Roma walikuwa wakiziba nyufa za sanamu kwa nta, basi sanamu isiyo na hila ikaitwa "sine cera", bila nta, na neno likazaliwa hapo. Nilipopata kazi ya kamusi alinionya, "Ukifika herufi S, Hester, usije ukaniangusha."

Nilikuwa nimemwangusha. Miezi miwili nilipekua vitabu nikitafuta hata ushahidi mmoja, nisiupate. Neno linatokana na "sincerus", yaani safi, kisichochanganywa na kitu. Kisa cha nta ni porojo tupu, na niliyeandika hivyo ni mimi.

"Umeuleta ukurasa?" Baba aliuliza kabla sijavua koti. Macho yake yalikuwa yamepofuka miaka minne kabla.

"Tule kwanza, Baba."

"Wewe na kula! Haya, kula."

Nyama ya kondoo niliisogezasogeza tu sahanini. Yeye alimaliza ya kwake, akafuta mdomo, akaegemea kiti. "Nisomee sasa."

Nikaukunjua ukurasa. Niliogopa kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikasema, "Kutoka Kilatini, sine cera, bila nta."

Akageuza uso kunielekea.

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo, Baba."

"Basi umenirithi woga, mwanangu." Sauti ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyoniumiza. "Kisa kile nilijua ni uongo tangu mwaka wangu wa ishirini na sita wa kufundisha, na kamusi haiwezi kukichapa. Wavulana walikipenda, nikaogopa kukitengua mbele yao. Nilikutuma wewe ufanye nilichoshindwa."

Akapapasa mezani mpaka akaupata mkono wangu.

"Haya. Nisomee kilichoandikwa."

Nikaanza upya: "Kutoka Kilatini, sincerus, safi. Kisa cha nta hakina ushahidi."