Shamba Lililovunwa Likiwa na Maua

Nilikata fungu la kwanza shamba likiwa bado jeupe kwa maua, na nyuki wakanizunguka kwa hasira. Pembeni, kaka yangu, fundi wa matofali, alikuwa ameshika kiuno.

"Mdogo wangu, umerukwa na akili? Nani anavuna maua?"

"Mimi," nilisema. Nikakata fungu la pili.

Kipande kile tuliachiwa na mama. Udongo wa juu ulikuwa umechoka, mahindi yalidumaa. Kaka alitaka kufukua wa chini afyatulie matofali. Ndipo shangazi akaniletea mbegu ngeni, punje nyeusi zenye pembe tatu. Nyumbani tukaiita pembetatu, jina likabaki hilo.

Msimu wa kwanza niliingojea kama mahindi: maua yaishe, kila kitu kikauke. Wapi! Maua yalizidi kuchanua juu huku punje zikikomaa chini, nami nangoja tu. Nilipokuja kutikisa mashina makavu, hayakutoa kitu. Punje zote zilikuwa zimepukutika, na ndege wameshiba. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Nililia, sikuficha. Kaka alisema neno moja tu: msimu ujao nikitoka mikono mitupu, anaingiza majembe.

Kwa hiyo mara ya pili sikuyatazama maua. Kila siku nilichuchumaa katikati ya shamba, nikachuma kishada, nikazihesabu punje kiganjani. Siku niliyokuta saba kati ya kumi zimekuwa nyeusi, nilinoa mundu. Kesho yake alfajiri, umande ungali umezishika punje zisidondoke, nikaanza kukata. Hapo ndipo kaka aliponikuta.

Hakunizuia. Wala hakunisaidia.

Nilifunga matita, nikayasimamisha yakiegemeana, nikayalinda na mvua kwa siku kumi. Usingizi ulinipaa. Siku ya kupura, nilitandaza turubai, nikainua fimbo, nikapiga. Punje zilimwagika kwa kishindo hadi wifi akatoka jikoni na unga mikononi.

"We! Kumbe zilikuwemo?" Akavua kanga ya begani, akajifunga kiunoni, akachukua fimbo ya pili.

Tulipura na kupepeta hadi alasiri. Magunia manne! Nilipiga kigelegele peke yangu, wifi akakidaka, majirani wakachungulia juu ya ua. Kaka alirudi kutoka kazini akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Akafungua gunia, akazamisha mkono hadi kiwiko, akauacha humo muda mrefu. Kisha akaenda kunawa.

Asubuhi nilisikia vishindo nje. Kaka alikuwa anapanga matofali, yale mazuri aliyoyachagua mwenyewe, kando ya nyumba. Kamba ya kupimia ilikuwa tayari imevutwa.

"Hilo ghala lako," alisema bila kuinua kichwa, "mlango uangalie wapi?"

"Shambani," nilisema.

Akasogeza kigingi.