Ukuta Uliosoma Tangazo

Usiku wa kuamkia leo niliota ukuta wa mbele wa nyumba yetu unaniaga.

"Singano," uliniambia, "sisi tunaondoka. Ahsante kwa msimamo wako."

Sikushtuka. Katika ndoto ile kuta zilizungumza kama watu walio kwenye foleni ya mashine ya kusaga, taratibu, macho mbele. Kilichonikera ni wakati wenyewe. Ilikuwa mchana, mimi niko juu ya ngazi, mkono huu ndoo ya chokaa, mkono huu brashi, na lipu ya kona moja ilikuwa haijakauka.

Nieleze kwanza habari za ukuta. Nyumba hii ya Pangani tuliachiwa na bibi yake Mwantumu, mke wangu. Ni nyumba ya zamani, ya mawe ya matumbawe, yale yanayochimbwa baharini, na lipu yake ni ya chokaa ya kuchomwa. Tumo humu tangu masika. Tunafumua, tunakwangua, tunapaka. Mwantumu anachanganya, mimi napanda ngazi. Mchana tunakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tunakula kunde za nazi na mihogo, kwa sababu mimi na mke wangu hatuli nyama, hatuli samaki, hatuli mayai, hatunywi maziwa, na asali tumewaachia nyuki wenyewe. Mtaani wanatuita wala majani. Muuza kahawa kila akipita huniuliza leo nimechungwa upande gani.

Mwantumu aliacha nyama akiwa msichana, kimya kimya, na hakumwambia mtu mwingine aache. Mimi niliacha kwa kelele. Nilipokuwa mtoto huko kwetu bara, kampuni moja ya ranchi ilizungushia waya chemchemi ya kijiji. Asubuhi ng'ombe wao ndio waliotangulia kunywa. Mama zetu walikaa nje ya waya na ndoo, wakisubiri mlinzi aseme ng'ombe wametosheka. Wenzangu niliokua nao wananiambia, Singano, hayo yamepita. Kwao yamepita. Mimi bado naisikia sauti ya mlinzi yule, na sweta lake la kijani naweza kulichora. Nilianza kwa kuacha nyama ya ng'ombe, nikaona si haki kuishia kwa ng'ombe, nikaendelea, na sijarudi nyuma hata kijiko.

Sasa, kwao Mwantumu, nyumba haihesabiwi kuwa imehamiwa mpaka mama mzazi wa mke aje apike chungu cha kwanza, watu wale. Kabla ya hapo mnaitwa wageni, hata mkizeekea humo. Mama mkwe akatuma salamu kwamba atakuja Ijumaa na chungu chake. Na mama mkwe huyu, mji mzima unamjua kwa mchuzi wa papa mkavu. Basi jana nilichukua rangi nyekundu ya mafuta, nikaandika kwenye ukuta wa nje, kando ya mlango, kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara: CHOCHOTE KILICHOWAHI KUWA NA UHAI HAKIKAI NDANI YA NYUMBA HII.

Mwantumu aliyasoma maneno hayo, akasema "sawa," akaingia ndani. Usiku alilala amenipa mgongo. Mwantumu hagombani. Yeye husema sawa, halafu siku moja unakuta begi limefungwa. Nililala nikiwaza begi hilo, na ndipo ukuta ukaja kuniaga.

"Mnakwenda wapi?" niliuliza.

"Baharini. Tangazo tumelisoma. Sisi tulikuwa na uhai. Tulikuwa wadogo wadogo, wengi sana, tumejijengea kwetu. Wakaja watu na mitaimbo." Ukuta uliyasema hayo kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Wengine wetu walichomwa kwa magogo ya mikoko wakawa chokaa. Hiyo iliyomo kwenye ndoo yako ni shangazi zetu."

Niliitazama ndoo. Nikashuka nayo, nikaiweka chini polepole.

Nilijaribu kujitetea. Shule niliishia la saba, lakini nimejisomea, hoja ninazo. Nikasema tangazo linahusu chakula. Ukuta ukasema neno chakula halimo. Nikasema ni lazima tuangalie nia ya mwandishi. Ukauliza mwandishi ni nani. Nikasema ni mimi.

"Basi shukrani ni zako," ukasema. "Tangu tusimamishwe hapa wamepita wenye dini, wamepita wenye vyama, wamepita wenye bunduki. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba tuachiwe."

Nitabishana vipi na ukuta kama huo? Nimebandika makaratasi sokoni, nimehutubia vibarazani, nimezomewa, nimemwagiwa mchuzi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulitekeleza neno langu.

Ukuta unaondoka. Unajivuta ubavu ubavu, mlango umeubeba katikati kama mtoto wa mgongoni. Upande wake wa ndani, pale kitandani kwetu, kuna msumari ninapotundika kofia yangu. Kofia inakwenda nao, inabembea. Kuta nyingine zinafuata. Boriti zinashuka moja moja, zinasema na zenyewe zilikuwa mikoko. Brashi inanichomoka mkononi.

"Wewe nawe?" nikaiuliza.

"Mimi ni nywele za nguruwe," ikajibu. "Hukuwahi kuniuliza."

Nilikuwa nimepaka nyumba nzima kwa brashi ile.

Kunde zilitoka kwenye bakuli zilimolowekwa, zikapanga mstari. Ile ya mwisho ilisimama kwenye kizingiti, ikichuruzika maji, ikaniambia kwamba zilikuwa zimebakiza kidogo tu zichipue, lakini hakuna lawama. Mchicha ulikwenda. Mihogo ilikwenda, ikikokotana. Yalibaki mabati ya paa yameelea juu bila kushikwa na kitu, na misumari chini.

"Hatimaye nyumba imekuwa safi," bati moja likasema. "Mimi sijawahi kuwa hai hata dakika. Karibu tuishi."

Mwantumu akatokea upande wa jikoni, ambako hapakuwa tena na jiko. Alikuwa amebeba begi. Alikuwa amevaa kanga yake ya kutokea.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mama."

"Wewe tangazo halikuhusu."

"Mimi nimewahi kuwa na uhai, Singano. Ninao hata sasa. Au hujaona?"

Nilimwambia maneno yanafutika. Akasema yamekwenda na ukuta, na ukuta ukishaingia majini hautarudi, na yeye hataishi chini ya mabati yanayojisifu. Akafungua begi, akanipa kumbi la nazi, lile tunalosugulia masufuria. Akasema atanisubiri pale pale kwa muda wa kusimama na begi kichwani, akichoka atakwenda. Akaliweka begi kichwani.

Nakimbia. Kuta zimekwisha kupita sokoni, naziona kwa mbali zikikata kona ya msikiti. Nami nakata kona ya msikiti. Natokea kwetu bara, mbele ya waya wa ranchi.

Chemchemi iko pale pale. Nyumba yangu imepanga foleni nje ya waya, ukuta wa mbele ukiwa wa kwanza, boriti nyuma yake, kunde mwisho. Langoni yupo ng'ombe mwekundu amevaa sweta la kijani.

"Subiri," akaniambia.

"Nimesubiri hapa utoto wangu wote," nikasema.

"Nakukumbuka. Ulikuwa na ndoo ya bluu, mpini wake wa kamba." Alitafuna kidogo. "Kila asubuhi ulinitazama mimi. Yule mwenye funguo hukumtazama."

Nikasema funguo sikuziona, nilikuwa mfupi. Akasema hilo analielewa, yeye naye hakuziona, alikuwa anasukumwa kwa nyuma. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza vibarazani, wala hata wale wanaonizomea.

"Wewe huli nyama yetu kwa kutuhurumia, au kwa kutuchukia?"

Nilifikiri. Mbele ya mnyama mwenye sweta lile, uongo haukunijia.

"Nilianza kwa kuwachukia," nikasema.

"Tulijua," akasema ng'ombe. "Hata hivyo ahsante. Pita."

Ng'ambo ya lango mchanga ulikuwa wa pwani, maji yamekupwa. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, mbele yake chungu kimefunikwa, kimekaa juu ya mafiga ya matumbawe matatu. Ukuta wangu ulikuwa umesimama kando yake. Matatu yale yalikuwa yametoka kwenye kona ya chini, naliona pengo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaomba wenye ukuta waniazime mafiga, wamekubali. Wewe uliwaomba nini?"

Nikasema mimi niliandika.

"Nimeona. Mwandiko mzuri." Aliuchochea moto. "Humu kwenye chungu nimepika nini?"

"Papa."

"Umefunua?"

"Hapana."

"Umeniuliza?"

"Hapana."

"Haya," akasema, na kifuniko hakukigusa.

Niliugeukia ukuta. Maneno yangu yalikuwa pale, mekundu, makubwa, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi yalivyokaa vibaya, yameinama upande wa kulia kama mtu anayekimbilia kutukana. Nikauambia ukuta kwamba najua hauna sababu ya kunisikiliza. Nikasema nyumbani kuna mtu amesimama na begi kichwani.

"Tumemwona," ukasema. "Anasimama vizuri. Bibi yake pia alisimama vile."

"Nawauliza basi. Mnataka kwenda baharini, au mnataka kurudi?"

Kuta zinashauriana. Zinashauriana kwa muda mrefu, kwa sababu zina watu wengi ndani yake, na kila mmoja anapewa nafasi ya kusema. Nimehudhuria mikutano mingi. Sijaona mwingine ulioendeshwa vizuri kama ule. Chungu kinachemka. Mama mkwe anasinzia kidogo, anaamka.

"Huko baharini hatuna tena tunayemjua," ukuta ukasema mwishowe. "Tulitaka mtu atuulize. Umeuliza. Tutarudi, lakini tuna sharti. Upande huu umeangalia barabara tangu zamani, umekula vumbi na maneno ya wapita njia. Sasa unataka kuangalia ndani. Tunataka kuona watu wakila."

Nikakubali. Nikachovya kumbi kwenye maji ya chumvi, nikasugua. Neno UHAI lilikuwa la mwisho kutoka, lilikuwa limeshika. Nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi, na nilipofika herufi ya mwisho nikasikia mtu anachuja maji.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limechomoza. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na ganzi kwa sababu nilikuwa nimeulalia. Boriti zilikuwa mahali pake, mabati yalikuwa kimya. Mwantumu alikuwa uani, anazichuja kunde zilizolala kwenye maji. Niliangalia mlangoni kama kuna begi. Lilikuwepo. Lilikuwa limefungwa.

Nikaenda uani nikachuchumaa karibu naye. Nikamwambia ampigie mama simu, amwambie aje na chungu chake. Akaendelea kuchuja.

"Na atapika nini?" akauliza, bila kunitazama.

"Muulize yeye. Hata akipika papa, mimi nitakaa, nitakula mihogo yangu, na sitahutubia."

Mwantumu akaweka bakuli chini.

"Mama alishauliza," akasema. "Jana. Kwamba mkwe wake kunde anazipenda za nazi nyingi au nazi kidogo. Nikamwambia ngoja nikuulize. Nilipotoka nje kukuuliza, wewe uko juu ya ngazi na rangi nyekundu."

Nikaokota kunde iliyomponyoka.

"Nazi nyingi," nikasema.

"Sawa," akasema, na safari hii alinitazama. Akaingia ndani. Nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa.

Nikachukua ndoo ya maji na kumbi la nazi nikayafute yale maneno kabla watu hawajatoka. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, nikanyoosha mkono pale kitandani nichukue kofia yangu. Kofia haikuwepo. Na msumari haukuwepo. Nikapapasa ukuta. Lipu ilikuwa laini, hakuna tundu, ila palikuwa na unyevu, kama mahali paliposuguliwa muda si mrefu.

Nikatoka nje. Muuza kahawa alikuwa amesimama barabarani na dele lake, anautazama ukuta wetu, mweupe, hauna hata herufi moja.

"Mla majani," akaniita, "siku hizi kofia unaitundika barabarani?"

Ilikuwa pale, kwenye msumari wake, urefu ule ule niliougongelea mimi mwenyewe, kando ya kitanda. Nikaivaa.