Mkanda wa Turubai

Mume wangu hupanda nguzo za umeme. Mimi ni fundi cherehani, na majirani watakwambia nina mdomo. Miezi minne iliyopita aliteleza nguzoni akavunjika muundi. Mfupa uliunga, lakini paja lilinywea hadi suruali nilizomshonea zikawa zinapwaya upande mmoja.

Jumatatu alikuwa apimwe na daktari wa kazini. Akishindwa kupanda, angehamishiwa stoo kugawa glovu, na mtu aliyezoea kuona paa za watu kutoka juu, stoo ingemmaliza.

Mtaalamu wa mazoezi pale zahanati, mwanamke mpole asiye na haraka, alikuwa akimfunga mkanda mpana pajani na kuujaza hewa huku jicho likiwa kwenye kipimo. Damu ikipungua kidogo mguuni, alitueleza, hata uzito mdogo unaufanyisha msuli kazi kubwa bila kuuonea mfupa. Mara mbili kwa wiki, basi. Hiyo mara mbili, na Jumatatu inakaribia, ndiyo iliyonichoma. Nikautazama ule mkanda kifundi, na tulipokuwa njiani nikamwambia mume wangu kwamba kitu kama kile nakishona hata nikiwa nimefumba macho.

Nikaushona. Turubai, uzi wa viatu, mishono mitatu, na bizimu ya chuma niliyoitoa kwenye begi kuukuu. Habari za kipimo cha hewa sikuzijali. Nilimwambia akaze mpaka ausikie. Tena nikamwagiza ahesabu kwa sauti kila anapoinua mguu, maana namjua, akiachwa peke yake anapiga kumi anaita thelathini.

Ijumaa mchana nilikuwa sebuleni kwenye mashine, yeye chumbani. Akahesabu thelathini. Akapumzika. Akahesabu kumi na tano. Akapumzika. Raundi ya tatu alifika saba, akanyamaza. Nikapaza sauti kumuuliza kama amelala. Baada ya muda akaendelea, nane, tisa, sauti inakwaruza, akamaliza raundi, akaanza ya mwisho. Mimi nikaendelea na zipu yangu. Kisha akaniita, polepole mno.

Nilimkuta kitandani jasho linamtiririka, mguu umekuwa wa zambarau kuanzia paja hadi vidole. Bizimu ilikuwa imezama kwenye nyama.

"Haufunguki," akasema.

Nikauvuta, ukazidi kukaza. Mkasi haukupata pa kuingia. Nikachukua kiwembe cha kufumulia nikaanza kukata uzi wangu mwenyewe, mshono wa kwanza, wa pili, huku nikiulaani mkono ulioshona imara namna ile. Nikateleza nikamchana ngozi. Hakushtuka, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mshono wa tatu ulipoachia, nilikuwa sioni kwa machozi.

Kule zahanati, mtaalamu aliweka vidole viwili karibu na kifundo cha mguu, akitafuta mapigo. Akavihamisha. Akavihamisha tena. Mwishowe akasema damu inapita. Akamwambia mume wangu avute vidole vya mguu juu. Havikuinuka. Akarudia, na mume wangu akauma meno, lakini mguu ulining'inia vilevile.

Neva imebanwa, akasema. Huenda ikarudi baada ya wiki chache, huenda ni miezi, hawezi kuahidi. Jumatatu tuisahau. Akauliza mkanda umetoka wapi, na mume wangu akasema ameununua sokoni.

"Nimeushona mimi," nikasema.

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akamgeukia mgonjwa wake na kumuuliza ganzi ilianza lini.

"Raundi ya tatu. Nikaacha kuhesabu."

"Mbona hukulegeza?"

Mume wangu alitazama ukuta. "Mke wangu aliniuliza kama nimelala."

Nikakaa sakafuni, nikaushika ule mguu kwa mikono miwili, nikalia mbele ya foleni nzima ya wagonjwa.