Skrini ya Wanaume

Mashavu hakumwamini shemeji yake Mhina hata siku moja, na asubuhi ile ya uhakiki wa mashamba ndiyo kabisa. Alimkuta ameshafika kwenye darasa la shule pale Kwedizinga, amekunja mikono ya kanzu, anawasaidia wapimaji kushusha skrini mbili kutoka kwenye gari kana kwamba ni mali yake. Mtu ambaye kwenye mazishi ya kaka yake, mume wa Mashavu, alifika watu wanakunja mikeka, leo amemtangulia hata mwenye ufunguo wa darasa. Mashavu aliketi, akavuta khanga yake mabegani, akajisemea kwamba hapa pana jambo.

Na jambo lenyewe alilijua. Lilikuwa bonde. Kile kipande chake cha ng'ambo ya kijito, udongo mweusi usiokauka hata kiangazi kikali, ndicho kilichomlisha mpunga na mchicha miaka yote ya ujane wake. Kilikuwa cha mama yake, na kabla yake cha bibi yake, kwa maana kwao shamba la bondeni hushikwa na mwanamke, kisha humwendea binti. Mhina aliwahi kusema kwenye matanga kwamba mali ya ukoo irudi kwenye ukoo. Alisema mara moja tu, lakini masikio ya Mashavu hayakuisahau kauli ile. Tena wapimaji walipopita bondeni na vyombo vyao, yeye alikuwa Makuyuni kwa binti yake Shadya, aliyekuwa amejifungua. Kipande kikaingia kwenye ramani bila jina. Mtendaji wa kijiji alimtuliza: vipande visivyo na majina vitatajwa siku ya uhakiki, mbele ya watu wote, na jina litakalokubaliwa siku hiyo ndilo litakalokwenda kwenye hati.

Fundi wa kompyuta aliitwa Enock, mtu mzima mwenye kipara, mwenyeji wa Korogwe. Aliweka kompyuta yake mezani, akachomeka waya mmoja kwenye kisanduku cheusi alichokiita doki, na kutoka kwenye doki akavuta nyaya mbili ndefu, kila moja na skrini yake. Alitaka skrini zikae pamoja mbele ya darasa. Mtendaji akakataa. Kijiji hiki, alisema, wanaume huketi upande wa madirisha na wanawake upande wa mlango. Basi kila upande upewe skrini yake asije mtu akanung'unika. Enock aliangalia nyaya, akaona zinafika, akaenda kuketi upande wa wanaume. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Ramani ikatokea. Wanawake walisogeza madawati. Mashavu aliliona shamba lake la juu, la mahindi, na jina lake juu yake, moyo ukatulia. Halafu akakitafuta kijito. Alikikuta pembeni kabisa mwa skrini, na baada ya kijito palikuwa na ukingo wa plastiki, basi. Bonde halikuwepo.

Alitaka kuuliza, lakini jenereta lilikuwa likinguruma nje ya mlango wao na hakuna ambaye angemsikia. Kishale cheupe kilitembea juu ya mashamba, kikapita kwa jirani yake Shamsia, kikafika kwenye kijito, kikatoka nje ya skrini na kupotea. Mashavu alisubiri kirudi. Hakikurudi. Upande wa pili wanaume walikuwa wameinamisha vichwa pamoja mbele ya skrini yao, mmoja akicheka, na Mhina alikuwa ameinama kwenye sikio la Enock, akinong'ona.

"Shamsia, kishale kimekwenda wapi?"

"Kimekwenda kwa waume zetu," Shamsia alisema. "Labda huko kuna chai."

Mashavu hakucheka. Machale yalikuwa yameshamcheza. "Mwenzangu, tunapigwa changa la macho," alisema, akasimama.

Hakuna mwanamke wa Kwedizinga aliyewahi kuvuka kwenda upande wa wanaume katikati ya mkutano. Mashavu alivuka. Wazee wakakohoa, naye akapita. Na kweli, lile bonde alilolikosa kwenye skrini ya wanawake lilikuwa huku, linaanzia kwenye kijito, na juu yake palikuwa pameandikwa kitu. Kabla hajasoma, Mhina aliinuka akasimama mbele ya skrini, kanzu ikaziba kila kitu.

"Shemeji, rudi ukae," alisema kwa sauti ya chini. "Haya tutayaongea nje, mimi na wewe."

"Ondoka hapo nisome."

"Nje, shemeji. Nakuomba."

Ndugu wa marehemu mumewe, anaziba ramani kwa mgongo wake mchana kweupe. Mashavu akayatoa yote aliyokuwa ameyafungia tangu matanga. Akamwita mwizi wa wajane. Akasema wanawake wameonyeshwa nusu ya kijiji ili wanaume wagawane nusu ya pili. Akamwambia kaka yake angefufuka leo angemtemea mate. Mhina alisikiliza yote akiwa amesimama palepale, jasho likimtoka, na Mashavu akalitazama jasho lile kama ushahidi.

Wanawake nao walishainuka. Enock ilimbidi aende kuitazama skrini yao, na alipoiona alijishika kipara.

"Kosa ni langu, mama zangu," alisema. "Nyumbani kwangu Korogwe skrini hizi hukaa bega kwa bega, na ramani nimeitandaza juu ya zote mbili iwe picha moja pana. Tulipozitenganisha, nusu imekuja kwenu, nusu imebaki kule."

"Basi fanya pande zote zione kitu kimoja," alisema Mashavu.

"Hilo ni dogo."

"Enock," Mhina aliita, "zima kwanza. Watu wapumzike."

"Si mnasikia?" Mashavu aliwageukia watu. "Anataka izimwe."

Mtendaji akampa Enock ishara aendelee. Skrini zote mbili ziliingia giza kidogo, kisha picha ikarudi, ndogo zaidi, ileile kwa wanaume na ileile kwa wanawake. Shamba la juu, kijito, bonde. Mashavu hakuhitaji tena Mhina aondoke; alisoma kwa mbali, kwenye skrini ya wanawake. Juu ya bonde la mama yake paliandikwa Faraji Mdoe.

Alisoma tena, maana jina lile alilichagua yeye mwenyewe, siku alipojifungua. Faraji alikuwa mwanawe wa kiume, wa pekee, aliyemleta kwa pikipiki asubuhi ile na kumsaidia kushuka. Sasa alikuwa kwenye benchi la nyuma la wanaume, anatazama viatu vyake.

"Faraji."

"Mama, waliuliza hiki ni cha nani."

"Ukasema?"

"Nikasema changu. Najua ungempa Shadya. Shadya ana kwa mumewe, Makuyuni. Mimi ndiye ninayekaa na wewe."

Mashavu aliwatazama wanaume mmoja mmoja. Karibu wote walikuwa wamevuka kijito kile kumsaidia kupandikiza mpunga, wakala ugali wake. Wote walijua bonde ni la nani, na hakuna aliyefungua mdomo. Hilo lilimchoma kuliko matusi. Akamgeukia Mhina.

"Na wewe ulijua."

"Nilimwomba Enock asiandike mpaka uitwe. Akasema mwenye nacho amejitaja, na hakuna aliyepinga."

"Mbona umeniacha nikuite mwizi mbele za watu?"

"Mimi umezoea kuniita hivyo, shemeji," Mhina alisema. "Mwanao ungemwitaje?"

Mashavu aliona aibu, aibu ya kweli, na hapakuwa na mahali pa kuipeleka.

Mtendaji alikohoa. Kama mama anaridhia, alisema, jina libaki, ni halali kabisa. Kama haridhii, lifutwe sasa hivi. Jenereta lilinguruma. Mashavu aliwaza nani atamchotea maji, nani atampeleka hospitali Korogwe goti likimshika tena, nani atamzika. Wote hao walikuwa mtu mmoja, na alikuwa ameketi benchi la nyuma. Kusema "liache" kulikuwa rahisi mno.

"Futa," alisema.

Enock akafuta herufi moja baada ya nyingine, na pande zote mbili zikaona.

"Tuandike nani, mama? Shadya?"

Faraji aliinua uso.

"Andika Mashavu," mama yake alisema. "Mimi bado sijafa."

Faraji alisimama, akatoka bila kumwangalia mtu. Kutoka pale alipokuwa, Mashavu alimwona akiipita pikipiki bila kuigusa, akashika kwa miguu njia ya nyumbani, nyumba ileile ambako na yeye, mkutano ukiisha, alipaswa kurudi.